Springi Iliyotulia Ndiyo ya Kuogopwa

Je, wajua kwamba springi ya lori linalobeba mpunga na kakao kutoka Makwale, wilayani Kyela, Tanzania, huanza kufa siku nyingi kabla ya kukatika? Hufa kwa ufa mwembamba, mahali kutu ilipokwisha kula uso wa chuma, na katika wilaya hiyo, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kutu haina likizo. Kila shimo la barabarani hukikunja chuma na kukiachia, ufa ukasogea, hata siku moja bapa likalia "pa!" na lori likalala upande.

Springi hiyo ni bapa kadhaa za chuma zilizopangwa, refu juu, fupi chini, zikabanwa kwa boliti moja katikati na kufungwa kwenye ekseli kwa boliti za umbo la U. Mikunjo ya bapa hailingani: fupi zimepindwa zaidi, ili zikibanwa pamoja zigawane mzigo. Kwa hiyo hata ikiwa imelala chini ya mwembe, springi iliyofungwa ni upinde uliovutwa. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hukunjika kwa kadiri ya nguvu inayoikunja. Hivyo ukiikunja mara mbili, nishati inayojificha ndani huwa mara nne.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi hakimbilii spana. Huzuia magurudumu kwa vigingi, huinua fremu kwa jeki, kisha huikalisha juu ya stendi au magogo mazito, maana jeki ya mafuta ikivuja haitoi taarifa. Boliti ya katikati haiguswi mpaka bapa zibanwe kwa klempu. Ndipo hulegezwa kidogo kidogo, uso ukiwa pembeni. Boliti za U zilizokwisha kuvutika hutupwa. Kuzirudisha ni ubahili wa gharama kubwa. Bapa lililokatika halichomelewi: joto huharibu ugumu wake, nalo hukatika tena kando ya kiungo.

Chuma hicho hakiendi jalalani. Zamani Wanyakyusa wa Kyela walipata majembe kwa Wakinga wa milima ya Livingstone, waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe na kukibadilisha kwa chakula. Siku hizi mhunzi huipenda springi iliyokatika, kwani kaboni iliyomo, asilimia 0.6 hivi, huifanya ishike makali. Huipasha mpaka iwe nyekundu, akaifua iwe panga, akaichovya, kisha akaipasha tena kwa moto mdogo. Akiiruka hatua hiyo ya mwisho, panga litapasuka likigonga fundo la kwanza.