Kadi bandia za grafiki: jina linaloonekana kwenye skrini si ushahidi

Uvumi kuhusu kuwapo kwa kadi bandia za grafiki katika soko la kompyuta umekuwa ukijirudia mara kwa mara. Wapo wanunuzi wanaouamini wote na kumshuku kila muuzaji. Wapo pia wanaoupuuza wote, na baadhi yao huishia kulipia kifaa cha mwaka 2011 kwa bei ya kifaa cha mwaka 2016. Ukweli ni kwamba kadi bandia zipo, namna zinavyotengenezwa inajulikana, na nyingi zinaweza kubainika kwa programu isiyolipiwa.

Kadi ya grafiki ni kifaa kinachofungwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha zinazoonekana kwenye skrini. Huhitajiwa na wahariri wa video, wasanifu majengo, wanafunzi wa uhandisi, wacheza michezo ya kompyuta na, katika miaka ya karibuni, watafiti wa akili mnemba. Kwa wengi wao kadi hiyo ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika kompyuta, na kudanganywa katika ununuzi wake ni kupoteza mtaji wa kazi.

Moyo wa kadi ni chipu. Chipu nyingi za aina hiyo husanifiwa na kampuni za NVIDIA na AMD za Marekani. Kampuni nyingine, zikiwemo ASUS, MSI na Gigabyte, huzitumia chipu hizo kuunda kadi zenye nembo zao. Kwa hiyo, boksi lenye jina la MSI likiwa na kadi yenye chipu ya NVIDIA si dalili ya ulaghai. Huo ndio utaratibu wa kawaida wa biashara hiyo.

Ulaghai unavyofanyika

Kila kadi ya grafiki huhifadhi ndani yake programu ndogo iitwayo BIOS, ambayo huitambulisha kadi hiyo kwa kompyuta kila inapowashwa. Mlaghai huchukua kadi ya zamani, hubadilisha BIOS yake ili itaje jina la kadi mpya zaidi, kisha huifunga feni na kasha vyenye mwonekano wa kisasa. Kompyuta husoma jina lililoandikwa na kulionyesha kama lilivyo.

Mfano unaofahamika ni wa GTX 550 Ti. Kadi hiyo ilitoka mwaka 2011 ikiwa na viini 192 vya kukokotoa. Ikibadilishwa BIOS, inaweza kujitambulisha kuwa GTX 1050 Ti, kadi ya mwaka 2016 yenye viini 768 na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Jina hubadilika, lakini viini havibadiliki. Kumbukumbu pia hubaki ileile, hivyo kazi inapohitaji nafasi kubwa kuliko iliyopo, kompyuta huganda au skrini huzima ghafla. Ulaghai huu si wa masoko ya mitaani pekee. Mwaka 2014, nchini Ujerumani, ilibainika kuwa baadhi ya kadi zilizouzwa kwa jina la GTX 660 zilikuwa na chipu dhaifu ya kizazi cha nyuma.

Kwa kadi za bei kubwa, ulaghai umechukua sura nyingine. RTX 4090 iliingia sokoni mwaka 2022 kwa bei elekezi ya dola 1,599 za Marekani. Mafundi wa kutengeneza kadi nchini humo wameonyesha kadi za aina hiyo walizoletewa na wateja, ambazo chini ya feni hazikuwa na chipu wala kumbukumbu. Vipuri hivyo vilikuwa vimeng'olewa, na mnunuzi akauziwa kasha tupu.

Si kila kasoro ni ubandia

Sehemu ya uvumi hutokana na kuchanganya mambo matatu: kadi bandia, kadi iliyotumika na kadi halisi yenye kasoro.

Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki katika uchimbaji wa sarafu hiyo, na wachimbaji wengi wakauza kadi zao. Kadi hizo ni halisi, ingawa zimefanya kazi usiku na mchana. Kosa la muuzaji ni kuziuza kama mpya.

Vilevile, mwezi Oktoba 2018 AMD ilitoa nchini China kadi iitwayo RX 580 2048SP, yenye viini 2,048. Kadi ya kawaida ya RX 580 ina viini 2,304. Zote mbili ni bidhaa halali za AMD, lakini anayeuza ya kwanza kwa jina na bei ya ya pili anampotosha mnunuzi.

Kuhusu kasoro, Februari 2025 wamiliki wa kadi mpya za RTX 5090 waligundua kuwa baadhi zilionyesha vitengo 168 vya hatua ya mwisho ya uchoraji badala ya 176. NVIDIA ilikiri kuwapo kwa kasoro ya uzalishaji katika chini ya asilimia 0.5 ya kadi za aina zilizohusika, na kuwaelekeza wateja kwa watengenezaji wa kadi zao ili wabadilishiwe. Wanunuzi hao walipata haki yao kwa sababu walipima, wakawa na namba ya kuonyesha.

Hatua za uhakiki

Kabla ya kulipa, mnunuzi aangalie matundu ya kadi. GTX 1050 Ti na nyingine za kizazi chake hazikusanifiwa kutoa mawimbi ya VGA, hivyo tundu la VGA, lenye vishimo 15 na mara nyingi rangi ya buluu, ni sababu ya kutia shaka. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine nayo ni onyo.

Baada ya kuifunga kadi, itumike programu ya GPU-Z, ambayo ipakuliwe kutoka tovuti ya watengenezaji wake, TechPowerUp. Programu hiyo huichunguza chipu yenyewe. Tangu mwaka 2018 imekuwa na uwezo wa kutambua chipu za zamani za NVIDIA zilizobadilishwa majina, na huweka neno la Kiingereza "FAKE" mbele ya jina la kadi. Mnunuzi alinganishe pia jina la chipu, idadi ya viini na kumbukumbu na maelezo ya mtengenezaji: GTX 1050 Ti halisi hutumia chipu ya GP107, ilhali GTX 550 Ti hutumia GF116.

Hatua inayofuata ni kuipa kadi kazi nzito kwa dakika 15 au zaidi na kulinganisha matokeo na ya kadi nyingine za jina hilo. Mwisho, namba ya utambulisho iliyo kwenye kadi ilingane na ya boksi, na ihakikiwe kwa mtengenezaji.

Haki ya mnunuzi

Nchini Tanzania, Sheria ya Alama za Bidhaa, Sura ya 85, inakataza biashara ya bidhaa bandia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kusimamia masuala hayo.

Mwananchi anayebaini kuwa ameuziwa kadi bandia anashauriwa kutoifungua wala kubadilisha BIOS yake, kupiga picha za kadi, boksi na matokeo ya GPU-Z, na kurudi kwa muuzaji mapema akiwa na risiti ya kielektroniki. Muuzaji akikataa kuwajibika, malalamiko yapelekwe FCC pamoja na vielelezo hivyo. Kwa sababu hiyo, risiti idaiwe siku ya ununuzi, nayo itaje aina kamili ya kadi. Risiti iliyoandikwa "kifaa cha kompyuta" pekee haitoshi kuthibitisha kilichouzwa.