Kidirisha Kimefungika, Je, Fomu Imefika?

Bila shaka wengi wenu mmekwisha kukutana na kidirisha. Uko kwenye ukurasa wa maktaba, unabonyeza "Azima kitabu", mara ukurasa unafifia na katikati ya kioo cha tarakilishi kinachomoza kisanduku chenye fomu: jina, kidato, nambari ya nakala. Unajaza, unabonyeza "Tuma", kisanduku kinatoweka, nawe unashika njia ukijua mambo yamekwisha. Lakini je, yamekwisha kweli? Kama fomu haikufika, mkutubi ataona pengo rafuni na hakuna jina daftarini. Kama imefika mara mbili, utadaiwa vitabu viwili ilhali ulibeba kimoja, na hapo nani atakuamini?

Kwanza tufahamu kwamba kidirisha ni kazi ya kivinjari tu. Programu ya Python hukaa kwenye seva, nayo haioni kidirisha kikifunguka wala kikifungika. Inachopokea ni ombi lenye majina ya sehemu za fomu na yale uliyoyajaza. Ndiyo maana mtu akiniuliza Python hufunguaje kidirisha, mimi humjibu kwamba haifungui. Iwe unatumia Django, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2005, au Flask ya mwaka wa 2010, mambo ni yale yale. Mimi nitatumia Django kwa sababu ndiyo niliyoizoea.

Siku hizi HTML ina lebo yake yenyewe, <dialog>, ambayo vivinjari vikuu vyote vinaielewa tangu Machi 2022. Ndani yake mna mtego mmoja. Fomu ikiandikwa method="dialog", kivinjari hufunga kidirisha bila kutuma chochote kwa seva! Hiyo yafaa kitufe cha "Ghairi" tu. Fomu ya kuazima kitabu sharti iwe method="post", na ndani yake iwemo tokeni ya siri ya Django, la sivyo seva itaikataa kwa jibu la 403.

Ombi likifika, Django huikagua fomu kwa is_valid(). Ikiwa sawa, tunahifadhi kisha tunamwelekeza mtumiaji kwenye ukurasa mwingine, ili akiupakia upya asije akatuma fomu ile ile tena. Hapo hapana matata.

Matata yapo fomu ikiwa na kosa. Desturi ya seva ni kurudisha ukurasa ule ule pamoja na maelezo ya makosa. Sasa fikiria: ukurasa umekuja upya, na kidirisha kwenye ukurasa mpya huwa kimefungwa. Kumbe makosa yote yamo ndani ya kisanduku kisichoonekana! Mwanafunzi anaona ukurasa umetulia tuli, anadhani amefaulu. Kimya kingi, walisema wahenga, kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe utasikika mwisho wa muhula.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni nyepesi nami naipenda: kiolezo cha ukurasa kiulize kama fomu ina makosa, na ikiwa nayo, JavaScript iite showModal() mara ukurasa unapofika. Usiridhike na kuweka sifa ya open kwenye lebo, maana hiyo hufungua kisanduku lakini haizuii ukurasa ulio nyuma yake.

Ya pili ni kutuma fomu kwa fetch bila kuondoka ukurasani. JavaScript inazuia utumaji wa kawaida, inakusanya fomu yote kwa FormData (tokeni ikiwemo), inaituma, kisha inangoja. Kosa likiwapo, seva inarudisha kile kipande cha fomu tu kwa jibu la 422, nacho kinawekwa ndani ya kidirisha kilicho wazi bado, maandishi ya mtumiaji yakiwa pale pale. Ila jihadhari! Fetch haihesabu 422 kuwa kushindwa, hivyo lazima uangalie response.ok mwenyewe. Tena seva ikielekeza kwingine, fetch hufuata kimyakimya na kukuletea ukurasa mzima. Kwa njia hii basi, fomu ikikubaliwa, nairudishia JSON fupi yenye jibu la 201, na hapo tu ndipo kidirisha kifungwe.

Na yule mwenye pupa abonyezaye "Tuma" mara mbili je? Watu husema ati ukizima kitufe baada ya kubonyezwa, basi umemaliza. La hasha! Hilo ni la kivinjari, na mtandao ukikatika mtu atajaribu tena. Mimi huweka sharti kwenye hifadhidata: nakala moja isiwe na maazimo mawili ambayo hayajarudishwa. Ombi la pili likija, hifadhidata inalikataa, Django inatoa IntegrityError, nami huidaka na kurudisha kidirisha chenye maneno haya: "Nakala hii tayari imeazimwa."