Maji na Kodi Katika Kuchagua Makazi: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

 

Swali hili huulizwa na ndugu wanaotafuta mashamba Karagwe na Kyerwa: Muislamu akiangalia kwanza maji na kodi kabla ya kununua kiwanja, je, ameitanguliza dunia mbele ya dini?

Jawabu letu ni kwamba hapana. Nabii Ibrahim (AS) alipomwacha Bi Hajar na mwanawe katika bonde lisilo na mimea (14:37), hapakuwa na mji. Mji ulikuja baada ya Zamzam. Amepokea Bukhari kwamba watu wa kabila la Jurhum waliona ndege akizunguka angani, wakajua kuna maji, wakamwomba Bi Hajar ruhusa ya kukaa. Akawaruhusu, kwa sharti kuwa hawana haki ya kuyamiliki yale maji. Tazama basi: Makka ilikaliwa kwa sababu ya kisima, na mkataba wake wa kwanza ulihusu kisima hicho.

Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), kadhi wa Kishafii, ameyataja maji matamu yaliyo tele katika masharti ya kuasisi mji. Ibn Khaldun naye aliwalaumu walioasisi Kufa, Basra na Kairouan kwa kutoyapa maji uzito wake. Ndiye pia aliyeeleza kuwa dola ikiwa changa kodi huwa ndogo na mapato huwa mengi, na ikizeeka kodi huwa kubwa na mapato hupungua, kwa kuwa watu huvunjika moyo wa kufanya kazi.

Karagwe yenyewe ina ushahidi. Speke alipofika mwaka 1861 alikuwa ametoka Usui kwa Suwarora, ambako hongo zilimkamua. Kwa Mfalme Rumanika alipokewa na maofisa walioamriwa kumlisha kwa gharama ya mfalme, na akaambiwa kuwa Karagwe wageni hawatozwi kodi. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa wamekwisha kulijua hilo. Makazi yao yalikuwa Kafuro, na Stanley aliyepita mwaka 1876 anaeleza kuwa yalikuwa ndani ya bonde refu, kwenye chemchemi inayoanzisha kijito. Mbele yao walikuwa na milima mingi yenye upepo mzuri, lakini walikaa chini, penye maji. Anayejenga leo juu ya kilima, kisha akawatuma watoto bondeni na madumu kila alfajiri, na afikirie hesabu yao.

Tukija kwenye kodi, hali imebadilika. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2003. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, lakini anayehama wilaya moja kwenda nyingine kwa kukimbia ushuru wa mazao hatapata faida, kwani viwango vimo katika sheria ya nchi: mwaka 2017 vilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Na kwa sheria mlipaji ni mnunuzi. Baya zaidi ni kukimbilia butura, yaani kuuza kahawa ingali maua mtini. Hilo Mtume (SAW) amelikataza, kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake.

Ushuru wa halmashauri, kwa kauli ya wengi, hauwi badala ya zaka. Na zaka nayo hutazama maji: mazao ya mvua ni fungu moja la kumi, ya kumwagilia kwa taabu ni nusu yake. Kwa Mashafii fungu hilo huwa katika chakula kinachowekwa akiba, kama mahindi, mtama na maharage, yakifika wasaq 5. Ndizi na kahawa hazimo, ingawa Mahanafi huziingiza. Na fedha ya kahawa iliyokaa mwaka ikafika nisabu ina zaka yake.

Wanauliza pia kuhusu malipo ya maji ya bomba, ambayo tangu 2019 vijijini yako chini ya RUWASA. Kulipia pampu, mabomba na mlinzi si kuuza maji yaliyokatazwa, bali ni gharama ya kuyafikisha. Lakini mwenye kununua shamba lenye chemchemi ajue kabla ya kuweka uzio: maji yaliyozidi haja yake hana ruhusa kumnyima mwenye kiu wala mnyama wake, hata kama jirani huyo si Muislamu.