Sauti Njema Juu ya Meza

Katika kata ya Rahaleo mjini Mtwara, kama katika miji mingine ya mwambao, nyumba nyingi zina kuta na sakafu za saruji na paa la mabati. Mwenye nyumba huegemeza meza ukutani, akapanga juu yake kompyuta au redio, kikuza sauti na spika mbili. Kisha hushangaa: maneno ya mwimbaji yamefifia, na besi inavuma kama pipa tupu. Hapo hulaumu chombo, au huongeza sauti. Lakini mara nyingi kasoro imo mezani na chumbani.

Sauti ni mtetemo wa hewa, na katika joto la nyuzi 28 za Selsiasi husafiri kiasi cha meta 348 kwa sekunde. Tuchukue mfano wa spika iliyo sentimeta 15 juu ya meza, na msikilizaji aliyeketi sentimeta 70 mbele yake, masikio yakiwa sentimeta 40 juu ya meza. Sauti inayomfikia moja kwa moja hupita sentimeta 74. Ile inayodunda mezani hupita 89. Kwa sauti yenye mitetemo karibu 1,200 kwa sekunde, tofauti hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi. Kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na yote mawili hudhoofika. Mitetemo hiyo imo katika eneo linalobeba ubayana wa maneno. Kuongeza sauti hakusaidii, kwani mawimbi yote mawili hukua pamoja.

Tiba ni rahisi. Katika mfano huu, sauti hudunda sentimeta 19 mbele ya spika. Spika zikisogezwa hadi ukingo wa meza, mahali pa kudundia hapapo tena. Zielekezwe usoni, na umbali baina yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwa msikilizaji. Zikiwa karibu na ukuta, na hasa pembeni mwa chumba, sauti nene huzidi. Basi zisogezwe shubiri moja moja hadi uvumi upungue.

Nyaya nazo zichunguzwe. Spika moja ikiungwa kinyume, besi hupotea na sauti ya mwimbaji haitulii katikati. Upepo wa bahari huleta chumvi inayoozesha shaba. Viungo vyenye kutu ya kijani visafishwe, umeme ukiwa umezimwa.

Hubaki mwangwi wa chumba. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa kazi ya kurekebisha ukumbi ambamo maneno ya wahadhiri hayakueleweka. Usiku alihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima muda wa mwangwi kufifia. Kadiri mito ilivyozidi, mwangwi ulifupika. Chumba cha Rahaleo hufuata kanuni hiyohiyo: godoro la sufi lililoegemezwa ukutani au pazia zito hunyonya mwangwi, ilhali kanga moja hupunguza kidogo tu, tena sauti nyembamba peke yake.

Faida ya mpango huu si burudani tu. Asiyesikia maneno vizuri huongeza sauti, na gharama yake hulipwa na masikio. Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wasizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio la binadamu hazioti tena. Spika iliyoharibika hupata fundi. Sikio lililoharibika kwa kelele halina fundi. Basi kabla ya mkono kwenda kwenye kitufe cha sauti, na uende kwanza kwenye spika, uzisogeze.