SEMI INATIKISIKA UKIFIKA 70? USINUNUE SPEA KWANZA

 

Leo naongea na wewe mwenye semi moja, au nyie mnaochanga watatu wanne kushusha mzigo kutoka Mwanza. Gari likiwa Bunda mjini kwenye kibao cha 50 limetulia kabisa. Likitoka kuelekea Makutano, mshale ukigusa 65 au 70, linaanza kutikisika. Dereva anapunguza, linatulia. Jioni anakwambia, "Bosi, krosi zimekufa." Kesho yake uko dukani unaulizia krosi.

Mimi nauza spea, ungedhani nafurahi. Ila mteja aliyenunua spea isiyohusika harudi na hela, anarudi na lawama. Kuna mteja wangu anapeleka saruji vijiji vya Butiama. Msimu wa mvua alibadilisha krosi, akabadilisha na senta beringi, mtikisiko uko palepale. Kumbe tope la mfinyanzi lilikaukia ndani ya rimu za tela, upande mmoja. Dawa ilikuwa ndoo mbili za maji na kipande cha nondo cha kukwangulia. Hela ya spea ilishaenda, na safari mbili alishazikosa.

Kwa nini tope dogo lisumbue? Uzito ukiwa upande mmoja wa tairi, spidi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kutikisa inaongezeka mara nne. Ukiwa 40 husikii kitu, ukiwa 80 kichwa kizima kinacheza. Na 80 ndiyo mwisho wa magari makubwa kisheria, kwa hiyo usijaribu kuzidi hapo.

Kabla hujatoa hela, mwulize dereva maswali haya.

1. UNAUSIKIA WAPI?
Ukiwa kwenye usukani, anza na tairi za mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, angalia tairi za nyuma za kichwa na propela. Kama kichwa kinavutwa na kusukumwa mbele nyuma, shuku tela.

2. UNAHESABIKA AU UNANGURUMA?
Tairi la semi likizunguka mara moja linaenda kama mita 3.3. Kwenye 80 gari linakimbia mita 22 kwa sekunde, yaani tairi linazunguka karibu mara 7 kila sekunde. Hiyo unaisikia du-du-du-du. Propela inazunguka haraka kuliko tairi. Kama difu ni ya 4 kwa 1, inapiga kama mara 27 kwa sekunde. Hapo huwezi kuhesabu, unasikia ngurumo tu miguuni. Du-du-du ni tairi, rimu, habu au dramu. Ngurumo ni propela, krosi au senta beringi.

3. UNAKUJA WAKATI GANI?
Ukija ukikanyaga breki tu, kagua dramu. Kama unakuja muda wote, tafuta sehemu ya tambarare isiyo na magari, akanyage klachi sekunde chache na kuachia mafuta. Usifanye hivi kwenye mteremko. Mtikisiko ukiisha, tatizo liko upande wa injini, klachi au mpira wa injini, au krosi inayolalamika ikivuta mzigo. Ukiendelea vilevile, ni kitu kinachozunguka na spidi ya gari.

KICHWA AU TELA?
Shusha mzigo, tegesha tela kwenye miguu yake, kichwa kiende peke yake barabara ileile, spidi ileile. Kichwa bila tela kinarukaruka, kwa hiyo dereva aende taratibu kwenye breki na asikilize mtikisiko ule ule tu. Ukipotea, uko kwenye tela. Kama una jirani mwenye semi, fungeni tela lako kwenye kichwa chake. Likitikisa na huko, umeshapata jibu bila kununua kitu.

UKAGUZI WA BURE
- Osha rimu ndani na nje. Toa mawe yaliyobanwa katikati ya tairi pacha.
- Pima upepo wa tairi zote zikiwa za baridi. Tairi pacha moja ikiwa laini, mwenzake anabeba peke yake.
- Angalia ule mstari wa tairi ulio karibu na rimu. Lazima uache nafasi sawa kuzunguka pande zote. Kama upande mmoja umezama, tairi halijakaa vizuri, litolewe lifungwe upya.
- Weka kabari, inua ekseli kwa jeki, weka stendi. Simamisha kipande cha ubao karibu kabisa na tairi, lizungushe kwa mkono. Nafasi ikipanuka na kubana, tairi halina duara au rimu imepinda.
- Likiwa bado juu, lisukume na mtaimbo juu na chini. Likicheza, kagua beringi za habu.
- Kwenye propela, tafuta alama ya kibati cha balansi kilichobanduka. Fundi akiifungua, aweke alama kwanza. Akiirudisha imepishana, atakutengenezea mtikisiko mpya.

HAPA USIENDELEE NA SAFARI
Ukiona michirizi ya kutu inatoka kwenye nati za tairi, nati zimelegea. Tairi likichomoka kwenye 80, linaenda kwa watembea kwa miguu, na barabara yetu ina wanafunzi na bodaboda muda wote. Simamisha gari, hata kama mzigo una haraka. Nati zikazwe kwa kupishana, siyo kwa kuzunguka. Ukifunga tairi Musoma, ukifika Bunda simama ukaze tena.

Kwa hiyo ukija dukani, njoo na majibu matatu: wapi, unahesabika au unanguruma, wakati gani. Mwenye duka anayejua kazi yake atakuuliza hayo kabla ya kupanda rafu.

Mtumie dereva wako ayasome kabla ya safari ya kesho. Na wewe gari lako lilikutikisa wapi, ukakuta ni nini? Andika hapo chini tusaidiane.