Mvua za Kale Katika Tope la Mlima Kenya

Mvua za masika na vuli zinazolea majani chai ya Embu na viazi vya Meru huzungumzwa kana kwamba, hadi juzi, zilikuwa na kawaida isiyobadilika. Tope la vijiziwa vya Mlima Kenya linakanusha dhana hiyo. Ndani yake mna maganda ya diatomu, mwani wa chembe moja unaojijengea ukuta wa silika kwa oksijeni ya maji unamoishi. Katika kila atomu 1,000 za oksijeni, takriban 2 ni za oksijeni-18, iliyo nzito kuliko oksijeni-16 ya kawaida. Maji mepesi hutangulia kuvukizwa, hivyo ziwa linalopungua hubaki na sehemu kubwa zaidi ya oksijeni nzito. Mvua nyingi ya kitropiki, kwa upande wake, hushuka na oksijeni-18 kidogo. Diatomu ikifa, huzama na uwiano huo.

Pingamizi la kwanza ni zito. Uwiano wa oksijeni kati ya madini na maji hutegemea pia joto, na ndiyo sababu wachunguzi wa jotoardhi huutumia kukadiria joto la maji yaliyounda madini chini ya ardhi. Mwaka 1998, Miri Rietti-Shati, Aldo Shemesh na Wibjörn Karlén walisoma silika ya ziwa la Hausberg Tarn, mlimani humo, kwa mtazamo huo, wakahitimisha kwamba kati ya mwaka 350 KK na 450 BK joto lilipanda takriban nyuzi 4. Lakini mwaka 2001 Philip Barker na wenzake walichapisha kumbukumbu ya miaka 14,000 kutoka vijiziwa viwili, Simba Tarn na Small Hall Tarn, yenye mabadiliko ya uwiano wa oksijeni yanayofikia sehemu 18 kwa elfu. Hata kila nyuzi 1 ya joto ikihesabiwa nusu ya sehemu moja kwa elfu, maji yangelazimika kubadilika kwa nyuzi 36, jambo lisilowezekana juu ya mita 4,000. Zaidi ya hayo, vipindi vya oksijeni nyepesi vinaendana na kutanuka kwa barafu ya mlima. Kama oksijeni nyepesi ingekuwa alama ya joto, joto hilo lingeiyeyusha barafu; theluji nyingi huikuza. Mvua ndiyo inayoeleza yote mawili.

Wapo watakaouliza kama vijiziwa viwili vya kileleni vinaweza kuwasemea wakulima wa mabondeni. Vingekuwa peke yake, shaka hiyo ingekuwa na haki. Lakini vipindi vya mvua kubwa, takriban miaka 11,100 hadi 8,600 iliyopita, 6,700 hadi 5,600, 2,900 hadi 1,900, na tangu miaka 1,300 iliyopita, vinalingana pia na mmomonyoko wa udongo na kupanuka kwa misitu mlimani. Mashahidi hao hawategemei oksijeni.

Kwa hiyo mlima huu umewahi kubadili mvua zake kwa nguvu hata kabla binadamu hajaanza kuchoma mafuta. Hilo halipunguzi uzito wa ongezeko la joto la leo. Linaonyesha jinsi mvua za hapa zinavyoyumba kirahisi zikisukumwa. Rupingazi ya Embu na Kathita ya Meru hatimaye huingia Tana, mto wenye mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu na Kiambere. Anayepanga mifereji na mabwawa kwa wastani wa miongo michache ya vipimo anaitegemea sehemu fupi mno ya historia ya maji hayo. Mipango ya Meru na Embu inapaswa kujaribiwa dhidi ya ukame na mafuriko makubwa kuliko yale yaliyomo katika vitabu vya vipimo.