Kuhama Zana katika Dunia za Minecraft

Mwenye seva yake binafsi ya Minecraft, ambamo jamaa na masahibu zake huingia kwa njia ya intaneti wakajenga pamoja, hachelewi kutambua kwamba mchezo huo, uliotungwa Uswidi na kutoka rasmi mwaka 2011, humtaka mjenzi aweke tofali moja moja kwa mkono. Na mwenye azma ya kusimamisha ngome nzima hana budi kutafuta zana nyingine.

Iliyoenea zaidi ni WorldEdit, iliyoanza mwaka 2010. Mjenzi hushika shoka la mbao, akabofya pembe moja kwa kitufe cha kushoto na pembe iliyo mkabala nayo kwa kitufe cha kulia, kisha akaandika amri fupi, na nafasi yote iliyo baina ya pembe hizo ikajaa mawe. Akijuta, amri nyingine huirejesha hali ya awali. Kulikuwa pia na MCEdit, ambayo haikuingia mchezoni kamwe, bali ilizifungua faili za dunia ilhali seva imezimwa. Na sharti hilo la kuzima lilikuwa la lazima, kwa kuwa seva iliyo hai huzishika sehemu za dunia katika kumbukumbu yake, na inapozihifadhi huyafunika mabadiliko yote yaliyofanywa nje yake.

Maadamu zana hizo zilisoma nambari zile zile ambazo mchezo uliipa kila aina ya tofali, kuhama kutoka hii kwenda ile kulikuwa jambo jepesi. Jiwe lilikuwa 1, sufu 35, na rangi ya sufu ikatajwa kwa nambari ya pili, kuanzia 0 hadi 15, hata 35 ikifuatwa na 14 ikawa sufu nyekundu. Julai 2018 likaja toleo la 1.13 la mchezo, nambari zikaondolewa, na kila tofali likajulikana kwa jina lake. Dunia kongwe ilipofunguliwa, mchezo wenyewe uliigeuza sehemu baada ya sehemu. Lakini MCEdit ilikuwa imekwisha achwa na mafundi wake, na waliozoea kuhariri faili nje ya mchezo aghalabu wakahamia zana nyingine ya namna hiyo, Amulet.

Taabu haikuwa katika dunia, ambayo mchezo uliishughulikia, bali katika ghala la vipande vilivyonakiliwa miaka nenda miaka rudi, miti, madaraja na nyumba, vilivyohifadhiwa kila kimoja katika faili yake, ambavyo mchezo hauvijui wala hauvigusi. WorldEdit ya toleo la 7 huvisoma vile vya kale na kuvihifadhi kwa mtindo mpya, alhamdulillahi, ila havijigeuzi. Sharti mtu avifungue. Na kwenye seva zilizoongezewa vitu visivyokuwamo katika mchezo wa asili, mambo yalikuwa mazito zaidi, kwani vitu hivyo vilipewa nambari na kila dunia kwa utaratibu wake, hata kipande kilichotoka seva moja, kikibandikwa katika nyingine, taa zake ziliweza kugeuka ngazi.

Kwa rai yangu, wenye seva wengi hukosea wanapoisifu zana mpya kwa wepesi wake kabla ya kuuliza ya zamani imeacha nini nyuma. Dunia ikisha kufunguliwa kwa toleo jipya, hairudi salama katika la zamani. Kwa hiyo nakala itangulie, na majaribio yafanywe juu ya nakala hiyo. Hata kumbukumbu ya kutengua makosa haihami: WorldEdit huiweka kwa muda tu, na seva ikizimwa hupotea, ilhali FastAsyncWorldEdit, iliyochipuka kutokana nayo, huweza kuiandika kwenye diski, na kazi kubwa huitenda pembeni ili seva isigande. Lakini anayeihamia hii asiiache ile ya kwanza katika folda moja nayo, kwa maana FastAsyncWorldEdit tayari imebeba WorldEdit ndani yake, na mbili hizo zikiwekwa pamoja hugongana.